Starlet, IST au Honda Fit: ipi itafika miaka kumi mingine ukiitunza?

Mwl_Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Natafuta gari ndogo ya kununua mkononi. Kuagiza Japani nimeacha, ushuru wa uchakavu ni mkubwa kwangu. Nipo Morogoro, kila siku nakwenda kazini na kurudi, na mwisho wa mwezi nakwenda kwa wazazi Kilosa, ambako kuna kipande cha vumbi kabla ya kufika nyumbani. Sitafuti gari ya kuuza baada ya miaka miwili. Nataka nikae nayo.

Nimeona tatu. Starlet ya 1998, namba A (herufi ya usajili; A ilitangulia C na D), injini ya 4E, kutu imeanza kwenye matao ya tairi za nyuma. IST ya 2004, namba C, injini ya 2NZ, dashibodi inasoma 164,000. Honda Fit ya 2005, namba D, ndani safi sana, 118,000. Bei zimepishana kidogo tu. Mnanishauri ipi?

DerevaMtandao
IST. Angalia teksi mtandao za Dar, utazikuta IST kila kituo, na hizo zinalala barabarani. Yangu imevuka laki tatu na injini ni ile ile. Oili kila kilomita 5,000, sisubiri taa iwake. Shokapu, bushi na boljointi ndivyo ninavyobadilisha mara kwa mara, barabara zetu mnazijua. Spea zipo hata Mbagala.

Fundi_Gerezani
Mwalimu, hiyo namba ya dashibodi usiitegemee, kilomita hurudishwa nyuma. Angalia pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Gari ya 118,000 haiwezi kuwa na pedali iliyolika mpaka mpira umekuwa laini. Uliza rekodi za sevisi, hata kama ni risiti za oili tu.

Sasa injini. 4E ya Starlet, bloku yake ni ya chuma. Ikichoka, silinda zinachongwa, zinaingia pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kidogo, gari inarudi barabarani. 2NZ ya IST bloku ni ya aluminiamu yenye slivu nyembamba za chuma, na haikuundwa ili ichongwe. Ikichoka, watu wanaleta injini ya mtumba, ambayo nayo hujui ilitunzwaje. Kwa upande mwingine, IST ina cheni ya taiming. Starlet ina mkanda, unabadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukiinunua bila rekodi, badilisha mkanda na tenshena kabla hujaanza safari za Kilosa.

Kinachoua injini hizi ni joto na oili iliyochelewa. Mafundi wengi wanang'oa themostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, eti gari isichemshe, kisha wanajaza maji ya bomba. Injini inakaa baridi, kompyuta inaendelea kuongeza petroli ikidhani gari ndiyo kwanza imewashwa, na petroli hiyo inashuka mpaka kwenye oili. Maji ya bomba nayo yanakula aluminiamu na kuziba rejeta. Kwa hiyo fungua kifuniko cha rejeta asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Ukikuta maji ya rangi ya kutu, hiyo injini imeteswa miaka mingi.

Kwenye IST weka oili ya 5W-30. Wapo watakaokuambia gari ya zamani inataka 20W-50. Usikubali. VVT-i, mfumo wa Toyota wa kurekebisha muda wa vali kufunguka, inatumia presha ya oili inayopita kwenye vijia vyembamba, na oili nzito inachelewa kufika. Oili ikichelewa kubadilishwa, ringi za pistoni zinaganda kaboni na gari inaanza kula oili. Washa mwenyewe ikiwa imelala usiku kucha, usikute imeshapashwa moto, na mtu asimame nyuma aangalie kama kuna moshi wa bluu.

MwanaMakupa
Nawasalimu kutoka Mombasa. Msiikatae Fit kabla hamjaijua. Yangu ina namba za KB na bado yanipeleka Malindi na kurudi. Kenya gari iliyozidi miaka minane haiingii, kwa hivyo Fit za umbo la kwanza haziji tena. Tulizo nazo ndizo hizi, basi twazitunza.

Injini haina neno. Ina plagi nane, mbili kila silinda, na fundi mvivu hubadilisha nne za mbele akaziacha za nyuma kwa kuwa kuzifikia ni kazi. Pa kuogopa ni gia boksi ya CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua. Yataka oili yake ya HMMF, si ATF, oili ya kawaida ya gia otomatiki. Ikitiwa nyingine, klachi ya kuondokea huanza kutetemeka. Iendeshe kwenye foleni, uondoke polepole mara kadhaa. Ikitetemeka, mwachie mwenyewe. Oili hiyo mimi huinunua mwenyewe na kusimama pale mpaka imwagwe yote.

MzeeChumbageni
Nina Starlet hapa Tanga, na injini haijawahi kufunguliwa. Kinachoitafuna ni kutu ya upepo wa bahari. Mwalimu, matao ya nyuma yanachomelewa, hayo si neno. Piga magoti uangalie sehemu za jeki, sakafu chini ya zulia, na pale eksili ya nyuma inaposhika bodi. Kutu ikifika huko, uzima wa injini haukusaidii kitu. Muulize mwenyewe gari imeishi mji gani.

NesiMakole
Jamani, na watakaopanda humo? Airbag za Takata ziliitishwa kwa mamilioni duniani kote na zimo kwenye magari mengi ya Kijapani ya miaka ile. Chukua namba ya chasisi uikague kwenye tovuti ya mtengenezaji. Soma na tairi: tarakimu nne ubavuni ni wiki na mwaka, 2315 ni wiki ya 23 ya 2015. Kashata (meno ya tairi) zikiwa bado nzuri isikudanganye, mpira unazeeka.

Mwl_Kihonda
Asanteni sana. Leo nimezikagua zote. Starlet kutu imeshafika sehemu za jeki pande zote mbili, nimeiacha kwa huzuni. Fit haitetemeki, ila mwenyewe hajui iliwekwa oili gani ya gia. IST haina moshi, ina daftari la sevisi tangu 2016, lakini themostati imetolewa na rejeta ina maji ya bomba. Maji si mekundu, yana ukungu kidogo.

Fundi_Gerezani
Chukua IST, na punguziwa bei ya themostati, kulanti na rejeta kuoshwa. Oili ya gia iwe Type T-IV, imwagwe na kujazwa taratibu, usikubali isukumwe kwa mashine. Baada ya kilomita elfu moja chomoa dipstiki ya oili ya injini: kiwango kikiwa kimeshuka sana, nirudie hapa na picha ya plagi zote nne.