Mikataba ya wanaoiletea gesti bidhaa, Shela, Lamu: mwaisimamia vipi?

Msimamizi wa gesti, Shela
Assalamu alaykum. Samaki nachukua kwa wavuvi wawili, gesi na maji vyavuka kutoka Mokowe, bara, nguo afua mama mmoja wa mtaani. Huyu tumepatana kwa mdomo, yule kwa WhatsApp, karatasi ya mwengine anayo mwenye nyumba Nairobi. Sasa mwenye nyumba ataka kila mmoja atie saini mkataba wa mwaka, bei moja. Mvuvi akanicheka: "Mwanangu, bei moja, upepo wa kaskazi na wa kusi?" Nifanyeje?

Mnunuzi wa hoteli, Malindi
Waalaykum salaam. Mvuvi wako ana haki. Kusi ikishika kuanzia Aprili, mashua ndogo hulala ufukoni, na nguru akipatikana bei yake waijua. Ukimbana atatia saini, kisha Juni hapokei simu. Sisi huandika bei mbili, ya kaskazi na ya kusi, na siku bahari imechafuka hadaiwi kitu. Ila akipata samaki, aanzie kwetu kabla hajawapelekea wengine. Kifungu hicho nakipenda kuliko bei yenyewe.

Andika pia nani anunua barafu, na samaki apimwa kwa mzani wa nani, kabla ya kutolewa matumbo au baada. Ugomvi wote niliousuluhisha jikoni ulianzia hapo.

Gesi na maji, sawa, bei ya mwaka. Taja tu nauli ya boti na ya punda mpaka mlangoni iko juu ya nani.

Karatasi zote ziwe faili moja, na nakala iwe kwako, si Nairobi peke yake. Tarehe za kumalizika zitie kwenye kalenda ya simu, ikukumbushe miezi miwili kabla.

Mhasibu, Lamu mjini
Na KRA, mamlaka ya kodi, je? Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi kupunguza kodi. Wavuvi wako sidhani wanayo. Marekebisho ya Desemba 2024 yamruhusu mnunuzi kumtolea ankara muuzaji mdogo, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Liandikeni hilo kwenye mkataba, muulize na PIN, namba yake ya kodi, mapema.

Msimamizi wa gesti, Shela
Shukran. Mama wa nguo asema hatii saini Kiingereza.

Mnunuzi wa hoteli, Malindi
Naye ana haki! Andika Kiswahili, ukurasa mmoja, umsomee mbele ya mwanawe. Anza na shuka likipotea au likichanika nani alipa. Hapo utamsikia akidai vifungu vyake mwenyewe.