Mzee wa chumba cha baridi kaniambia KAPTULA mbele za watu!! Kisa seva yake ya CentOS 7

Jinomu Bovu:
Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira hapa mpaka kibodi inaomba msamaha. Jina sitaji, mnaomjua mnamjua. Yule yule wa rundo la funguo kiunoni, mwenye chumba cha AC ambacho sisi watafiti tunaingia kwa barua yenye mhuri.

Nina data ya jinomu imejaa diski. Nimepakua programu mpya ya kuichambua, nimeiwasha, seva inanijibu libc.so.6 haina GLIBC_2.28, yaani glibc, ile maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu ya Linux inaitegemea, ni ya zamani mno. Itoe wapi? Ni CentOS 7 ile, mfumo endeshi wa Linux wa kizamani, glibc yake ni 2.17, ya Desemba 2012! Kerneli, kiini cha mfumo, ni 3.10! Mfumo umetoka 2014, wenyewe wakatangaza 30 Juni 2024 ndiyo mwisho wa kuuhudumia, sasa hivi hata yum, ile ya kusakinishia programu, ukiigusa inalalamika haioni mirrorlist, orodha ya seva za kupakulia. Ni maiti iliyovalishwa suti ikawekwa kwenye AC.

Nikaenda kwa adabu. Shikamoo kubwa. Nikamwomba mstari MMOJA: user.max_user_namespaces, mpangilio unaomruhusu mtumiaji wa kawaida kuendesha kontena, iko sifuri, mzee wangu iweke hata elfu kumi na tano, mimi niendeshe Apptainer, programu ya kontena, kwenye folda yangu, kontena (kifurushi cha programu na maktaba zake) lije na glibc yake, mfumo wako usiguswe. Wanafunzi wa fildi wapo pale, dada wa mapokezi yupo. Mzee akavua miwani, akaipangusa na tai taratibu, akasema: "Kijana, seva hii ilikuwa inachapa kazi wewe ukiwa bado unavaa kaptula."

KAPTULA.

Wanafunzi wakacheka. Dada wa mapokezi akacheka mpaka akaweka simu chini. Nahisi hata AC ilicheka. Mwaka 2014 mimi nilikuwa nanyoa ndevu kwa kinyozi wa kulipia! Kaptula ya wapi?

Kidume cha Terminali:
Kwanza tuambie ilikuwa ya rangi gani ndipo tushauri.

Mama Data:
Pole mwaya. Conda, ile ya kusakinisha programu bila kumwomba admini, umejaribu?

Jinomu Bovu:
Dada, conda inabeba maktaba zake karibu zote kasoro glibc, hiyo inategemea ya mfumo. PyTorch mpya, zile za kufundishia mashine, nazo zinadai 2.28 hiyo hiyo. Yote nilishajaribu kabla ya kudhalilishwa. Mtu mwenye masta anaambiwa kaptula! Na alivyoivuta ile "kaaaptula" mngemsikia!

Ninja wa Msata:
Pakua glibc mpya, itupe kwenye folda yako, elekeza LD_LIBRARY_PATH, njia ya kutafutia maktaba, huko, kazi imeisha. Watu wa jinomu mnapenda kulialia.

Mzee wa Root:
Msimsikilize huyo Ninja. Ukifanya hivyo hata ls, amri ya kuorodhesha faili, inakufa na segfault (kosa la kumbukumbu), maana loda inayopakia maktaba ni ya zamani, libc ni mpya, haziivi. Na ukisema uijenge mwenyewe, vifaa vya kujengea programu ni vya kale, gcc ya pale ni 4.8.5 na make ni 3.82, hiyo 2.28 itazikataa zote mbili.

Mimi pia ni admini. Mnatuona wabaya, lakini ukipandisha mfumo kuna programu ya leseni ya mwaka 2015 inagoma, na profesa wake anakupigia saa nne usiku. Waliowahi kuhamia CentOS 8 waliahidiwa hadi 2029, ikakatwa mwisho wa 2021. Huyo mzee anaogopa kwa sababu.

Jinomu Bovu:
Sijaomba apandishe mfumo! MSTARI MMOJA! Kumbe wenye funguo mnalindana.

Mzee wa Root:
Kwa jibu hili naona bado unaivaa.

Kidume cha Terminali:
😂😂😂 nimeanguka kwenye daladala

Bint Kigamboni:
Hiyo glibc ilitutesa mwanzoni mwa 2024. VS Code, ile ya kuandikia programu, ilitoa toleo likagoma kabisa kuunganisha na seva za zamani, ofisi nzima tukarudi kwenye nano, kihariri kidogo cha terminali, kama adhabu. Kelele zikapigwa, wakalegeza kwa muda.

Kipanga:
Mkuu Kaptula, siku mzee akiwasha hizo namespaces na kontena lako ni Ubuntu 20.04, ikikwambia libQt5Core.so.5, maktaba ya Qt, haipo na unaiona kwa macho yako mawili, usivunje kioo. Ni kerneli 3.10. Faili lina alama inayodai kerneli mpya zaidi. Tumia strip --remove-section=.note.ABI-tag kuiondoa alama hiyo kwenye hilo faili ndani ya kontena, linafunguka. Nilikonda kwa ajili ya hiyo.

Jinomu Bovu:
Ahsante Kipanga, wewe ndiye mtu. Ila usiniite hivyo.

Anko Slurm:
Nyie angalau mna seva. Kwetu umeme ukikatika jenereta inawasha ofisi ya mkurugenzi na friji yake. Kazi ya wiki inaanza upya, mkurugenzi anakunywa maji ya baridi.

Mama Data:
Friji! Kwetu soda za sherehe za idara zinapozwa kwenye chumba cha seva. Siku moja krate lilizuia feni.

Bint Kigamboni:
Kuna mtu kajaza /scratch, diski ya muda ya wote, muvi za Kikorea, misimu yote. Mimi nikiweka faili la BAM la data ya jinomu naandikiwa barua.

Kidume cha Terminali:
Zina tafsiri ya Kiswahili? Nipe njia ya folda.

Jinomu Bovu:
Jamani uzi ulikuwa unahusu namespaces

Anko Slurm:
Bint, hata kwetu zipo, nadhani ni mtu huyo huyo anahama vituo.

Ninja wa Msata:
Achaneni na seva za watu. Nauza ThinkPad, RAM 32, Ubuntu 22.04 ipo tayari, glibc 2.35. Bei maelewano.

Mama Data:
Betri inakaa? Nina laki tatu.

Ninja wa Msata:
Laki tatu nakupa chaja.