Nataka upasuaji wa kupunguza uzito, daktari namwanzaje?

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nina kilo 118, urefu sentimita 162; nimepiga hesabu ya BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ikaja 45. Sukari ninayo tangu 2019, natumia metformin, na magoti yameanza kugoma. Ngazi za ofisini napanda kwa vituo kama daladala.

Kujinyima nimejinyima. Mwaka juzi nilipungua kilo 14, zikarudi zote na nyongeza juu. Kila nikienda kliniki daktari ananiambia "mama, punguza ugali", macho yapo kwenye faili, basi nanyamaza. Ugali wenyewe nakula mara moja kwa siku, tena na mlenda!

Nimesoma kwamba upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula hufikiriwa mtu akifika BMI 40, au hata 35 akiwa na ugonjwa kama kisukari. Najua si njia ya mkato, vitamini utameza maisha yote na kliniki haziishi.

Kwa aliyepitia, naombeni ushauri: nimwanzeje daktari asidhani natafuta urembo? Niende na rekodi zangu za uzito na dawa? Rufaa naiomba mwenyewe au nasubiri aitaje yeye? Mume wangu anaogopa kisu kuliko mimi, niende naye au nianze peke yangu?

Wauza chai za kupunguza tumbo, tafadhali msinifuate pembeni. Nimeshaliwa hela za kutosha.