Meza ya kugeuzia vichwa vya treni ya mfano: daraja linayumba na umeme unapiga shoti

BandariReli

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninajenga hapa Mombasa mfano wa yadi ya reli ya miaka ya 1960 kwa kipimo cha 1:87, na kwa kuwa reli yetu ya zamani ilikuwa na upana wa mita moja, natumia njia ya milimita 12. Miezi miwili iliyopita niliagiza kutoka nje seti ya kujiundia meza ya kugeuzia vichwa vya treni. Daraja lake, linalozunguka ndani ya shimo la duara ili kukielekeza kichwa kwenye mojawapo ya njia nane za nje, lina urefu wa milimita 300, na vipande vyote vimekatwa kwa leza kutoka kwenye ubao wa MDF (nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi). Nimefuata maelekezo hatua kwa hatua, ingawa hatua mbili hazina picha kabisa, lakini matokeo yananisikitisha.

Kwanza, daraja linayumba. Likielekea njia ya pili, reli zake zinalingana na za nje. Likielekea njia ya sita, ncha moja inashuka kwa zaidi ya milimita moja na kila kichwa kinachopita hapo huacha reli. Pili, nikilisimamisha mara tano kwenye njia ileile, linasimama mahali patano tofauti. Tatu, likifika usawa wa njia ya nne umeme unapiga shoti na kidhibiti kinajizima. Nimebadilisha mota bila faida yoyote. Je, niirekebishe seti hii au nianze upya? Tena, je, daraja hili litatosha Garratt ya aina ya 59, kile kichwa kirefu cha mvuke cha reli ya Afrika Mashariki?

FundiMstaafu

Mwanangu, usiitupe, na mota iache kwanza. Nilikuwa fundi wa karakana ya reli kwa miaka mingi, na mfano huu mdogo unaugua ugonjwa uleule wa meza kubwa: shimo na mhimili visipokuwa sawa, hakuna mashine itakayolinyoosha daraja.

Litoe daraja. Tafuta kijiti cha mbao kilichonyooka, kitoboe upande mmoja ili kivae mhimili wa katikati bila kulegea, na upande wa pili, juu ya reli ya duara (ile iliyo sakafuni mwa shimo, inayopitiwa na magurudumu ya daraja), pitisha skrubu ndefu yenye ncha butu. Ishushe mpaka iguse reli mahali palipoinuka kuliko pote, kisha zungusha kijiti polepole huku ukiingiza vipande vya karatasi chini ya ncha. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo ukihesabu vipande vinavyoingia umepata kipimo. Ukiona reli inainuka taratibu upande mmoja na kushuka kwa kiasi hichohicho upande unaoukabili, mhimili wako umeinama. Ukiona mashimo na vilima visivyo na mpangilio, ni sakafu ya shimo iliyopinda. Kwa unyevu wa pwani nadhani utakuta sakafu, maana MDF hunywa maji ya hewani, hasa upande wa chini ambao watu husahau kuupaka rangi. Ifunge kwa skrubu juu ya plaiwudi ya milimita 18, upake vanishi pande zote, kisha uinyanyue reli ya duara kwa vipande vya karatasi na gundi palipozama.

Baada ya hapo angalia tundu la mhimili. Ikiwa fimbo imeshikwa na ubao wa milimita 6 peke yake, uwazi wa milimita 0.1 ndani ya tundu unakuwa takriban milimita 2.5 kwenye ncha ya daraja, iliyo milimita 150 kutoka katikati. Weka bushi mbili, yaani vipande vya bomba la shaba nyeupe vya kuishika fimbo, moja juu na nyingine milimita 40 chini yake, na yumbo hilo litapungua mpaka chini ya nusu milimita. Uzito wote ulale juu ya mhimili, na magurudumu ya pembeni yaguse reli kwa wepesi tu. Meza nyingi za zamani zilisukumwa kwa mikono: dereva alikisogeza kichwa polepole mpaka uzito ulingane pande zote mbili, na hapo watu wachache waliweza kukizungusha.

Garratt ya 59 ilikuwa na urefu wa karibu mita 31.7, yaani takriban milimita 365 kwa kipimo chako, kwa hiyo haitaingia. Usihuzunike, kwa sababu Garratt ilifanya kazi ikielekea upande wowote na haikuhitaji kugeuzwa kila safari. Meza yako iwe ya vichwa vyenye tenda (behewa la nyuma la kubebea maji na mafuta), kama aina ya 29 na ya 31.

WayaMbili

Naongezea kuhusu umeme. Daraja likigeuka nusu duara, reli zake mbili hubadilishana nafasi, na chanya ingekutana na hasi. Ndiyo maana reli ya duara hukatwa vipande viwili, kila kimoja na upande wake wa umeme, ili mabadiliko hayo yajifanye yenyewe. Mikato hiyo inapaswa kukabiliana sawasawa, iwe mahali pasipo na njia ya kutokea, na iwe mipana kuliko sehemu ya gurudumu inayogusa reli. Nashuku kwamba mkato mmoja umeangukia mbele ya njia ya nne, na gurudumu linaunganisha vipande vyote viwili. Hamisha mkato huo pamoja na mwenzake.

Ama kusimama ovyo, giya za plastiki zina ulegevu kati ya meno. Lifikishe daraja kwenye kila njia kutoka upande mmoja siku zote, hata kama itabidi lipite kidogo na kuzunguka tena, ili meno yawe yamekwisha kushikana.

BandariReli

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana WayaMbili. Kijiti kimenionyesha kwamba sakafu imezama milimita 1.4 kati ya njia ya tano na ya saba, na mhimili umesimama wima. Sasa iko juu ya plaiwudi, bushi zimeingia, na mikato nimeihamishia penye ukuta mtupu, shoti imekwisha. Kwenye njia ya sita tofauti ya kimo imebaki kama unene wa karatasi moja, na kichwa cha aina ya 31 kimepita mara kumi bila kuacha reli. Kwa kulifikisha daraja kutoka upande mmoja, njia saba kati ya nane zinalingana kila mara. Ya nane bado inakosea kwa nusu milimita, na nadhani ni kwa sababu niliigundisha kabla ya kuweka bushi. Kesho nitaibandua na kuipanga upya daraja likiwa limesimama mbele yake.