Ajali ndogo za pikipiki kwa dereva mpya, Mtwara na Lindi: tupeane uzoefu

Mwana wa Shangani
Korosho zimeanza kuuzwa, pikipiki mpya zimejaa mjini mpaka vijijini. Wengi wanaanguka miezi ya mwanzo, zile ajali za spidi 20 au 30: unainuka, unajikung'uta vumbi, kioo kimevunjika. Wanaojua mwageni hapa. Wapi panaangusha, kwa nini, na ukishaanguka ufanyeje?

Fundi wa Mnazi Mmoja
Panapoangusha zaidi ni pale njia ya vumbi inapoingia kwenye lami. Magari yanayotoka mashambani yanaacha mchanga juu ya lami, mwembamba kama unga, huuoni mpaka uko juu yake. Dereva mpya anakata kona, anaona pikipiki inamzidi, mkono wa kulia unakimbilia breki. Tairi la mbele likigoma kuzunguka juu ya mchanga halifuati njia tena. Usukani unajikunja, pikipiki inalala upande uleule wa kona. Hata sekunde haiishi. Mwendo upunguze KABLA ya kona, pikipiki ikiwa wima, shuka gia mpaka ya pili, achia breki zote, ndipo ulalie kona. Ukiwa katikati ya kona usiminye kitu.

Chuno
Kweli tupu. Ongezea mabibo. Gari likishayaponda barabarani yanateleza kuliko tope.

Mzee wa Boxer
Ndiyo maana wanaojifunza tunawaambia breki ya mbele waisahau. Ya nyuma inatosha.

Fundi wa Mnazi Mmoja
Mzee wangu, hapo unawapoteza vijana. Ukifunga breki, uzito unahamia mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi. Kanyaga nyuma peke yake kwenye lami kavu uone linavyoburuza, na mbuzi aliyekatiza hamtapishana. Lami kavu, mbele kwa vidole viwili, unaminya polepole kama unakamua ndimu, nyuma inasaidia. Mchangani, nyuma na injini.

Mzee wa Boxer
Kuteremka kutoka Newala kwenda Masasi napo utakamua ndimu?

Fundi wa Mnazi Mmoja
Gia ya pili tangu juu, injini ndiyo inayoshika. Breki ya ngoma ukiing'ang'ania mteremko mzima inapata moto na kuacha kushika, iwe ya mbele au ya nyuma.

Mzee wa Boxer
La mteremko nakubali. La mbele bado.

Nesi Lindi
Wanangu, ekzosi. Pikipiki ikikulalia, shavu la mguu wa kulia linaungua. Mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili. Dawa ya meno hapana, unga hapana, mafuta hapana. Michubuko ioshe kwa maji mengi na sabuni mpaka mchanga wote utoke, kisha kaulizie sindano ya pepopunda. Na ukidondokea kiganja, bonyeza kile kishimo nyuma ya mkono, chini ya dole gumba. Kikiuma, nenda ukapigwe picha hata kama hakujavimba. Kile kimfupa cha hapo kwenye kishimo kikipasuka, picha ya kwanza huweza isionyeshe, kwa hiyo maumivu yakiendelea rudi baada ya siku 10 hivi.

Dada wa Nanyamba
Huku kwetu kuna kijana aliteleza mchangani saa tano asubuhi, helmeti ameitundika kwenye usukani. Aliinuka anacheka, akapakia abiria wengine wawili. Jioni akaanza kuuliza jambo lilelile mara tatu, mara nne, halafu akatapika. Mama yake akadhani ni njaa, akamwambia alale!

Chuno
Eeh! Ikawaje?

Mwana wa Shangani
Malizia basi dada.

Dada wa Nanyamba
Mjomba wake alikataa, wakamkimbiza hospitali usiku ule. Yuko hai.

Nesi Lindi
Mjomba huyo Mungu ambariki. Kutapika, kusahau, usingizi mzito, kichwa kinachozidi kuuma: hakuna kusubiri asubuhi. Mwingine ashike PF3, ile fomu ya polisi, mgonjwa aende.

Mikindani Boy
Na pikipiki yenyewe? Mtu anainuka anapiga kiki anaondoka.

Fundi wa Mnazi Mmoja
Zima swichi, funga koki ya mafuta, ndipo uinyanyue. Ikikaa wima, isubiri kidogo, angalia kama petroli inavuja kwenye kabureta. Washa ikiwa fri, zungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Mlio ukipanda wenyewe, waya wa eksileta umebanwa, usiondoke. Usukani ukiwa kombo, simama mbele, bana tairi kwa magoti, uvute urudi. Ukigoma, legeza boliti za shokapu kwenye tii ya chini, kile kibano kinachoshika shokapu za mbele, na nati ya ekseli, kandamiza mbele mara tatu nne, kisha kaza. Pedali ya gia iliyokunjika usiinyooshe kwa teke, inavunja mhimili unaoingia kwenye injini. Ifungue ipigwe nje. Upepo wa Boxer 150 kwa PSI: mbele 25, nyuma 28, ukipakia nyuma 32.

Mikindani Boy
Kishikio cha klachi kinavunjika kila ikilala.

Fundi wa Mnazi Mmoja
Umekaza mno. Boliti inayokibana kwenye usukani iache kiasi kwamba ukisukuma kwa nguvu kinageuka. Pikipiki ikilala kitazunguka, hakitavunjika.

Mzee wa Boxer
Hiyo nayo nakubali. Spana namba 10?

Fundi wa Mnazi Mmoja
Kumi, mzee wangu.