Faulo mbili tu, dogo katolewa!

Mdau_Uyole: Wakuu, naomba kueleweshwa. Jana mdogo wangu, kidato cha tatu, katolewa robo ya tatu ya mechi ya kikapu kwa faulo mbili. Ya kwanza kubishana, ya pili kaubamiza mpira chini ukaruka hadi kwa mama muuza ndizi za kuchoma. Si mpaka zifike 5? Na kwa nini afukuzwe hata benchi, na baridi hii ya Mbeya?

KonaMwanjelwa: 5 ni za kawaida, hapo benchi unakaa. Za kiufundi, yaani za utovu wa nidhamu kama hizo zake, ni 2 tu, unaondoka kabisa. Sheria za FIBA hizo mkuu, shirikisho la kikapu duniani.

Mdau_Uyole: Hata kama refa ndiye kaanza kumtolea maneno?

FilimbiIringa: Kocha alalamike kwa maandishi. Nimechezesha shule miaka sita, marefa tunakosea sana. Ila ule mpira wa kwenye ndizi, hata mimi ningemtoa.