Pesa ya kiwanja: niiweke kwenye dhahabu au Bitcoin?

Mpanda_Mlima: Wakuu, habari za majukumu. Nimeuza kiwanja na sitaki pesa ikae tu benki. Kila ninayemuuliza ananiambia Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, ndiyo dhahabu ya kisasa. Ipi inatunza thamani? Nataka kuamua kabla ya mwisho wa mwezi.

Sonara_Mkuukuu: Umeuliza nusu swali. Ni kiasi gani? Utaihitaji lini? Na dhahabu unayoisema ni mkufu, kipande cha gramu 10, au ya machimboni? Kama ni ya machimboni, ishia hapo hapo. Kukaa na dhahabu ghafi bila leseni ni kosa la jinai.

Bloku_840000: Bitcoin, mjadala ufungwe. Haitazidi milioni 21. Aprili 2024 malipo ya wachimbaji (wenye kompyuta zinazothibitisha miamala) yalikatwa nusu, yakabaki Bitcoin 3.125 kwa bloku, yaani kwa kila fungu la miamala. Dhahabu ikipanda bei, migodi inaongeza kasi. Bitcoin ipande hata mara kumi, inayotoka ni ile ile, maana ugumu wa kuchimba hujirekebisha kila bloku 2,016, kama wiki mbili hivi.

Hesabu_Kwanza: Uchache si uthabiti, mkuu. Novemba 2021 ilikuwa karibu dola 69,000, Novemba 2022 ikawa chini ya 16,000. Na 2022 ndio mwaka ambao mfumuko wa bei Marekani uligusa 9.1% mwezi Juni, yaani mtihani wenyewe wa kutunza thamani. Dhahabu iliuanza na kuumaliza mwaka huo ikiwa dola 1,800 na ushee kwa aunsi. Lakini na nyie wa dhahabu msitambe sana: aliyenunua kileleni Januari 1980 kwa dola 850 aliiona tena bei hiyo 2008.

Bloku_840000: Unachagua tarehe zinazokufaa. Shika miaka mitano uone.

Hesabu_Kwanza: Haya, nachagua yako. Desemba 2017 ilikuwa karibu 20,000. Ongeza miaka mitano, unatua Desemba 2022 kwenye 16,000 na kitu.

Bloku_840000: Angevumilia miezi kumi na tano mingine angeiona 73,000.

Hesabu_Kwanza: Ada ya shule haivumilii miezi kumi na tano.

Mpanda_Mlima: Samahani, nilisahau. Ni milioni 18, na nusu yake ni ada ya chuo ya binti, Oktoba mwakani.

Sonara_Mkuukuu: Ungeanza na hilo! Ya ada isiende kwenye dhahabu wala Bitcoin, iweke kwenye dhamana za serikali za muda mfupi. Tubaki na milioni 9. Ukinunua pambo, unalipia na ufundi, na siku ya kuuza ufundi hurudishiwi, unapimiwa uzito na karati tu. Kipande kisicho na nakshi ni bora. Dai risiti yenye gramu na karati: 22 iwe na muhuri 916, 18 iwe 750.

Muhuri usiuamini peke yake. Chukua mizani ya kusoma gramu 0.01, weka glasi ya maji juu yake, irudishe sifuri. Ning'iniza pete kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala pembeni, soma namba, kisha gawa uzito wake mkavu kwa namba hiyo. Pete ya gramu 20 ya karati 22 itasoma kama 1.13, jibu 17.7 hivi, yaani uzito wake ukilinganishwa na maji. Ikisoma 1.3, hiyo ni karati 18 au chini yake. Viputo vya hewa, mawe na pambo lenye uwazi ndani vinaharibu kipimo. Vipande vikubwa vya karati 24 ni kesi nyingine: tungsteni, metali ya kughushia, jibu lake ni 19.25 na dhahabu safi ni 19.3, maji hayatakuambia kitu. Hapo hata mashine ya eksirei inasoma juu juu tu.

Funguo_Mkononi: Mnabishana bei, wakati wengi huliwa kwenye utunzaji. Tazameni Mt. Gox ya Tokyo, soko lililokuwa kubwa kuliko yote duniani. Februari 2014 likazuia wateja kutoa mali zao, mwezi huo huo likafilisika. Bitcoin zipatazo 850,000 hazikuonekana, nyingi za wateja, baadaye 200,000 zikakutwa kwenye pochi ya kidijitali ya zamani. Wadai walianza kurudishiwa Bitcoin zao Julai 2024, miaka kumi! Mfumo wa Bitcoin haukuguswa hata kidogo. Kilichokufa ni yule aliyeshikishwa funguo za watu, yaani namba za siri za kutolea Bitcoin.

Kwa hiyo ukinunua, hamishia kwenye kifaa chako cha kutunzia Bitcoin. Andika yale maneno ya siri 12 au 24 kinayokupa kwa kalamu, usipige picha. Tuma kiasi kidogo, futa kifaa, kirudishe kwa yale maneno, ukiliona salio ndipo utume kilichobaki. Linganisha anwani mwanzo hadi mwisho, kuna virusi vinabadilisha ulichonakili. Na ukinunua kwa mtu, jina kwenye muamala wa simu lifanane na la kwenye akaunti yake, la sivyo unaweza kuingizwa kwenye mlolongo wa pesa za wizi na laini ikafungwa.

Kanzu_Nyeupe: Na sheria je? Benki Kuu ya Tanzania ilisema Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazikubaliki, kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio 3%, yaani inayokatwa kwenye malipo yake.

Bloku_840000: Hazikubaliki ila kodi yake inakubalika 😂

Hesabu_Kwanza: Benki Kuu hiyo hiyo inanunua dhahabu kwa akiba yake. Bitcoin mbona hainunui?

Kanzu_Nyeupe: Msisahau zaka. Dhahabu ikifika gramu 85 na kupitiwa na mwaka wa Hijria, unatoa 2.5%.

Sonara_Mkuukuu: Pambo la mke la kuvaa halina zaka, sheikh.

Kanzu_Nyeupe: Kwa Shafi. Kwa Hanafi linatolewa. Na hapa mleta mada hanunui pambo, ananunua akiba.

Funguo_Mkononi: Na Bitcoin inahesabiwa vipi, bei ya siku mwaka unapotimia?

Kanzu_Nyeupe: Wanaoihesabu kama mali ya biashara wanasema hivyo, bei ya siku hiyo. Wengine hawaitambui kuwa mali kabisa.

Mpanda_Mlima: Nawasoma wakuu. Hiyo mizani ya 0.01 Kariakoo inapatikana mtaa gani?